Pazia Jeusi: Ann Radcliffe na Asili ya Riwaya ya Hofu Inayofumbuliwa

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili afikapo kwenye riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, aghalabu huelezwa kwamba Bwana Msa, pamoja na kiko chake, ni jamaa ya Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yana upungufu: yanauanzia ukoo kwa mjukuu na kumsahau bibi. Makala haya yanakusudia kumrejesha bibi huyo mahali pake. Naye ni Ann Radcliffe, Mwingereza aliyeandika riwaya za mapenzi na vitisho mwishoni mwa karne ya 18. Hoja yetu ni kwamba desturi yake ya kumtia msomaji hofu ya mizimu, kisha kumwonyesha kuwa nyuma ya mizimu hiyo alikuwako binadamu, haikuwa hila ya usimulizi tu. Ilikuwa ni msimamo kuhusu chimbuko la uovu.

2. Maisha na Kimya

Ann Ward alizaliwa London mwaka 1764, mwaka ule ule ambao Horace Walpole alitoa *The Castle of Otranto*, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza katika riwaya za kigothiki, yaani riwaya za ngome chakavu, giza na siri za koo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Mwaka 1787 aliolewa na William Radcliffe, mwandishi wa magazeti. Hawakujaliwa kupata watoto. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1789 bila ya jina la mwandishi. Vikafuata *A Sicilian Romance* (1790), *The Romance of the Forest* (1791), *The Mysteries of Udolpho* (1794) na *The Italian* (1797). Kwa *Udolpho* alilipwa pauni 500, na kwa *The Italian* pauni 800, malipo ambayo waandishi wa riwaya wa siku zile hawakuyazoea.

Baada ya hapo akanyamaza. Kwa miaka 26 hakutoa riwaya nyingine, na kwa kuwa alijitenga na watu, uvumi ukaenea kwamba amekufa au amepatwa na wazimu. Hayakuwa kweli, alifariki mwaka 1823. Mshairi Christina Rossetti alipotaka kuandika maisha yake mwaka 1883, alilazimika kuiacha kazi hiyo kwa uhaba wa habari. Kwa hiyo mwanamke aliyewafundisha wasomaji wa Ulaya kuogopa milango iliyofungwa alijifungia mlango wake mwenyewe, na historia haikupewa ufunguo. Mhakiki hana budi kumtafuta katika vitabu vyake.

3. Ngome na Hati

Kisa cha *Udolpho* kimewekwa katika mwaka 1584. Emily St. Aubert, binti wa Kifaransa aliyefiwa na wazazi, anawekwa chini ya ulezi wa shangazi yake, Madame Cheron. Shangazi anaolewa na Montoni, Mwitalia mwenye madeni na tamaa, naye anawachukua wote wawili hadi ngome yake iliyo katika milima ya Apennini. Humo Emily anasikia muziki na sauti zisizo na mwenyewe. Anafunua pazia jeusi lililotundikwa ukutani, anaona kitu, na kuzirai. Msomaji haambiwi ni kitu gani. Anasubiri hadi karibu na mwisho wa juzuu ya nne ndipo aelezwe kuwa ilikuwa sanamu ya nta ya maiti inayooza, iliyotengenezwa zamani kuwa toba ya mmoja wa mabwana wa ngome hiyo. Zile sauti nazo zilikuwa za mfungwa aliyekuwa akipita katika njia za siri za ngome. Ama yule bibi aliyedhaniwa kuuawa humo, kumbe alikuwa hai, mtawa katika nyumba ya watawa huko Ufaransa.

Walter Scott, aliyemsifu Radcliffe kwa mengi, aliilaumu tabia hii ya kufumbua kila kitu mwishoni, akiona kwamba sababu inayotolewa ni ndogo mno ikilinganishwa na hofu iliyotangulia. Kwa upande wa fani, lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, yafaa tujiulize kinachobaki baada ya mizimu yote kuondolewa. Kinachobaki ni Montoni. Amemfungia mkewe katika mnara kwa sababu amekataa kutia sahihi hati ya kumpa mashamba yake, na mke huyo anakufa kwa mateso hayo. Kifo chake hakifumbuliwi na sanamu ya nta. Mara tu anapozikwa, Emily aliyemrithi anadaiwa sahihi ile ile.

Tukumbuke pia sheria ya Uingereza ya wakati huo. Mali ya mke isiyokuwa ardhi ilihesabiwa kuwa ya mumewe, na mapato ya ardhi yake yalikuwa mikononi mwa mume. Hali hiyo ilianza kulegezwa mwaka 1870, na kubadilishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 1882. Radcliffe aliiweka ngome yake Italia, nchi ambayo hakupata kuifika, katika karne iliyokwisha pita. Lakini hofu aliyoichora ilikuwa ya nyumbani. Mizimu ya Udolpho ilikuwa ya uongo. Hati ilikuwa ya kweli.

4. Hofu na Kiwewe

Mwaka 1826, miaka mitatu baada ya kifo chake, ilichapishwa insha yake kuhusu mambo ya ajabu katika ushairi. Ndani yake alitenganisha hisia mbili ambazo kwa kawaida huchanganywa. Ya kwanza huja kabla ya jambo kuonekana wazi. Huiamsha akili na kuipanua nafsi. Ya pili huja mbele ya jambo lenyewe katika ubaya wake. Huigandisha akili hata isiweze kufanya kazi. Yeye aliichagua ya kwanza.

Kiswahili kina maneno yanayoweza kuubeba utengano huu bila ya kukopa. Tunapendekeza ya kwanza iitwe *hofu*, na ya pili *kiwewe*. Mwenye hofu hutega sikio, hupima, hukisia. Mwenye kiwewe haoni wala hasikii. Utengano huu ndio unaotuongoza kuuona uhusiano wa Radcliffe na upelelezi, kwani mpelelezi ni mtu anayeishi katika hofu bila ya kuingia katika kiwewe.

5. Kutoka Udolpho hadi Unguja

Njia yenyewe inaweza kufuatwa. Edgar Allan Poe, aliyemtaja Radcliffe kwa jina mwanzoni mwa kisa chake "The Oval Portrait", ndiye aliyeandika mwaka 1841 kisa kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha upelelezi wa kisasa. Conan Doyle alijifunza kwa Poe. Na katika *The Hound of the Baskervilles* (1901-1902) tunakutana tena na vifaa vya Radcliffe: nyumba ya kale, laana ya ukoo, mnyama adhaniwaye kuwa wa kuzimu. Mwishoni mnyama ni mbwa aliyepakwa dawa ya kung'aa, na aliyemtuma ni mtu anayetaka urithi. Kwa mara nyingine tena, nyuma ya mzimu iko mali.

Ndipo tufikapo kwenye *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyopata ushindi katika shindano la uandishi la Afrika ya Mashariki la 1957-1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Tajiri anakutwa ameuawa mahali pa mzimu. Wenyeji wanasadiki kwamba ni kazi ya watu wa kale. Bwana Msa anasadiki kwamba ni mkono wa binadamu, na anauthibitisha. Hatudai kwamba Abdulla aliinakili *Udolpho*. Mzimu wake ni wa Unguja, una imani na adabu zake, na wanaouogopa si wahusika wa kuigiza Ulaya. Tunachodai ni kwamba umbo alilolichagua lilikwisha bebeshwa swali na mwanamke aliyeandika zaidi ya miaka 160 kabla yake: nani anafaidika na hofu yetu?

6. Hitimisho

Kuna jambo moja linalotuzuia kumfanya Radcliffe kuwa mtetezi wa akili tupu. Katika *Gaston de Blondeville*, riwaya aliyoiandika na kuiweka bila ya kuitoa, iliyochapishwa mwaka 1826, mzimu ni mzimu kweli, wala haufumbuliwi. Basi njia ya pili aliijua na aliijaribu. Kwamba katika uhai wake aliwapa wasomaji zile tu zenye ufumbuzi ni dalili ya uteuzi, si ya uwezo mdogo. Tunapowafundisha vijana wetu Bwana Msa, haifai kuishia kwenye kiko. Tuwarudishe nyuma hadi kwenye pazia jeusi, kisha tuwaulize hati ya mashamba iko mikononi mwa nani.