Maporomoko: Neno na Tope Lake

Sisi tukaao Kibirichia, katika mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, twalima viazi katika udongo uliotokana na volkano ya zamani. Basi wanafunzi huuliza: udongo ukishuka kwa mvua, tuseme umemomonyoka au umeporomoka?

Kumomonyoka ni kuliwa kidogo kidogo, kama ukingo wa mto. Kuporomoka ni kuanguka kwa wingi, kwa kishindo na ghafla. Ndiyo maana mwenye hasira husemwa ameporomosha matusi, wala hatujasikia aliyeyamomonyoa.

Zamani za ukoloni, kilichoisumbua serikali ni mmomonyoko. Ikawashurutisha watu wa vilimani kuchimba matuta, hata huko Murang'a wananchi wakaigomea kazi hiyo mwaka 1947, na mwaka uliofuata wanawake wakaipinga waziwazi. Neno maporomoko, kwa upande wake, lilizoeleka zaidi kwa maji yaangukayo, kama Maporomoko ya Thomson kule Nyahururu. Mtoto akilisikia, huona mahali pa kupigia picha.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, neno hilo lilitimiza maana yake nyingine nchini Tanzania. Mlima Hanang, nao ni mzao wa volkano kama mlima wetu, ulikuwa umelowa mvua. Sehemu yake ikameguka, ikachanganyika na maji, ikawa tope zito lililobeba mawe na magogo mpaka mji mdogo wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengine walidhani volkano imeamka. Wataalamu walichunguza wakaona sivyo. Serikali na magazeti wakaliita jambo hilo maporomoko ya tope, ingawa wapo walioliita mafuriko tu.

Hapo ndipo jina lina kazi. Asikiaye mafuriko hutazamia maji yanayopanda, naye huenda akapanda darini angoje yapungue. Tope la mlima halimngoji mtu: ni zito kupita maji, hufuata korongo, na nyumba iliyomo njiani huvunjwa pamoja na dari yake. Dalili zake mara nyingi hutangulia: ufa mpya juu ya shamba, miti iliyoanza kuinama, mto uliogeuka rangi au kupungua ghafla mvua ingali yanyesha. Azionaye na atoke bondeni kwa kupanda ukingo ulio karibu, wala asikimbie kuelekea uendako mto.