Bububu: jina la kijiji na treni iliyotoweka

Abiria anayepanda basi katika gare ya Kimironko hutumia kila siku neno la Kifaransa lenye maana ya kituo cha treni, ilhali Rwanda haijawahi kuwa na reli. Mwaka 1914 Wajerumani walianza kazi ya reli kutoka Tabora kuelekea mto Kagera, lakini vita vikaikatiza; na reli ya Isaka hadi Kigali, waliyoafikiana Rwanda na Tanzania, ingali inasubiriwa. Kwetu neno limefika, reli haijafika. Katika kijiji cha Bububu, kisiwani Unguja, reli ilifika ikaondoka, na wengi huamini kwamba iliacha jina.

Bububu ipo kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Reli yake, yenye urefu wa maili 7 hivi, sawa na kilomita 11, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney mnamo mwaka 1905. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya mitaa finyu ya mji, kisha ikafuata mashamba ya minazi hadi kijijini. Upana wa njia ulikuwa futi 3 tu. Serikali iliinunua mwaka 1911. Barabara zilipotengenezwa na magari kuongezeka, treni ilipoteza wateja wake, na safari za abiria zikasitishwa mwaka 1922. Kwa miaka michache zaidi ilibeba mawe ya kujengea bandari, kisha ikang'olewa.

(Haikuwa ya kwanza kisiwani. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na reli yake ndogo ya kwenda Chukwani, ambayo mwanzoni mabehewa yake yalikokotwa na nyumbu.)

Sasa turudi kwenye jina. Inasimuliwa kwamba wanakijiji waliiga mlio wa injini, "bu-bu-bu", na mahali pakaitwa hivyo. Simulizi hiyo inapendeza, ila tarehe zinaikataa. Sayyida Salme, dada yake Barghash, aliondoka Zanzibar mwaka 1866. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza maisha yake katika shamba la Bububu na kulitaja kwa jina hilohilo. Wakati huo ilikuwa bado miaka 19 kabla ya treni kufika.

Maelezo mengine, yasiyogongana na tarehe, yanalihusisha jina na maji yanayobubujika. Bububu ina chemchemi, na ndiko Barghash alikovuta maji kwa mfereji hadi mjini. Mwenye kusema kijiji kiliitwa kwa ajili ya treni anawanyima wenyeji historia iliyoitangulia reli hiyo.

Siku hizi msafiri wa Bububu hupanda daladala namba 502.