Kwenu Kabisa ni Wapi? Waulize wa Kengeleni

"Wa Kengeleni washuke!" Makanga akipaza hivyo, wengi wetu hushuka tu, mbio mbio sokoni Kongowea. Lakini ushawahi kujiuliza ni kengele gani? Iko pale pale, ukishavuka daraja la Nyali. Sikizeni kisa chake.

Mwaka 1873 Waingereza walimtuma Bartle Frere kumshinikiza Sultani Barghash wa Zanzibar, na soko la watumwa likafungwa. Majahazi hayakukoma, yaliendelea kupitisha watu kwa siri, na manowari za Kiingereza zikiyakamata. Sasa hao waliookolewa wapelekwe wapi? Mwaka 1875 wamishonari wa CMS wakaanzisha kijiji hapa Kisauni, wakakiita Frere Town.

Hebu fikiria. Mtoto ameibwa huko Ziwa Nyasa, hajui njia ya kurudi, hajui kama mamake yu hai. Anashushwa ufuoni na Wayao, Wamakua na wengine asioelewa lugha zao. Hana shangazi, hana mjomba. Ndio hao hao wakapewa vishamba, wakajenga, wakaoana, wakazaa. Waliowasomesha ni Waafrika waliotoka India, ambao wenyewe waliokolewa baharini na kulelewa huko Nasik. Nyumbani lugha ikawa Kiswahili.

Raha haikuwa. Mabwana wa Mvita walichukia kuona watumwa wao watoro wakipokewa huko, na wazee husimulia kuwa kengele ililia kuonya hatari ikija. Hata wamishonari wenyewe kuna wakati waliwachapa watu viboko. Lakini jamii ilisimama. James Mbotela, ambaye babake alikuwa Myao aliyekombolewa, aliandika "Uhuru wa Watumwa" mwaka 1934. Na ile sauti ya "Je, Huu ni Uungwana?", Leonard Mambo Mbotela? Ukoo huo huo wa Frere Town.

Kwa nini nawaambia haya? Babangu ni Mjaluo, mamangu babake Mkamba na mamake Mgiriama, mimi nimezaliwa Kongowea. Kila fomu yaniuliza kabila, na kila uchaguzi ukikaribia hakosi mtu wa kuniuliza, "Kwenu kabisa ni wapi?" Swali dogo hilo, lakini si la mchezo. Agosti 1997, hapo Likoni, watu waliuawa na wengine wakafukuzwa majumbani mwao kwa kuitwa tu wabara.

Wale wa Frere Town wangeambiwa "rudini kwenu", wangerudi wapi? Kwao kulikuwa jikoni, kwa mke wa kabila jingine na watoto wanaogombania ukoko kwa Kiswahili.

Basi kesho ukishuka Kengeleni, itazame ile kengele. Halafu mtu akikuuliza kwenu ni wapi, mwambie: ni pale ninapongojwa na chakula usiku.