Tafiti za Maoni katika Uchaguzi wa Kenya

Tafiti za maoni ya wapigakura zilipata uzito katika siasa za Kenya kuanzia uchaguzi wa mwaka 2002. Wengi huziita kura za maoni, jina linalochanganya, kwa kuwa kura za maoni za 2005 na 2010 zilikuwa kura halisi za kuamua katiba. Mwaka huo wa 2002 tafiti zilimweka Mwai Kibaki mbele sana ya Uhuru Kenyatta katika mbio za urais, naye akashinda kwa asilimia 62. Palipokuwa na pengo pana namna hiyo, hata utafiti wa kawaida uliweza kumtambua mshindi.

Mtihani wenyewe ulikuja 2007. Kwa miezi kadhaa takwimu za Steadman, kampuni iliyokuja kuitwa Synovate na kisha Ipsos, zilimwonyesha Raila Odinga, mpinzani wa Kibaki, akiongoza. Kufikia Desemba pengo lilikuwa limepungua: Raila asilimia 45, Kibaki 43. Kitaalamu hiyo ni sare, kwani wanaohojiwa ni elfu chache tu, na kila tarakimu huweza kupanda au kushuka kwa pointi mbili hivi. Katika mikutano ya hadhara haikusomwa hivyo. Ilisomwa kama ushindi uliokwisha kupatikana. Tarehe 30 Desemba Kibaki alitangazwa mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993, na wafuasi wa Raila tayari walikuwa na takwimu za kupingia matokeo hayo. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Mizizi yake ilikuwa migogoro ya ardhi, ukabila na uhesabuji mbovu, ila matarajio yaliyovunjika yalikuwa yamejengwa kwa sehemu na tafiti. Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, ilihitimisha kwamba hesabu ilivurugika kiasi cha kutojulikana nani alishinda, kwa hiyo hata usahihi wa tafiti zile hauna kipimo.

Sheria ya mwaka 2012 ilipiga marufuku kuchapisha tafiti katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi, na ikawataka wachapishaji wamtaje mfadhili, idadi ya waliohojiwa na kiwango cha makosa. Hatua hiyo ilifaa, lakini kumtaja mfadhili hakumfanyi mhojiwa afunguke.

Hilo lilidhihirika Agosti 2022. Kampuni ya utafiti ya Infotrak ilimpa Raila asilimia 49 na mpinzani wake William Ruto 41. Ipsos ikatoa 47 kwa 41. Ruto alishinda kwa 50.49 dhidi ya 48.85. Makadirio ya Raila yalikuwa karibu sana na ukweli; ni Ruto aliyepungukiwa pointi tisa, na sehemu kubwa ya pointi hizo yaelekea ilikuwa miongoni mwa waliosema hawajaamua au waliokataa kujibu. Katika nchi ambako jina la ukoo hudhaniwa kufichua chama, mtu anayeulizwa na mgeni ana sababu ya kunyamaza. Tena ni takriban asilimia 65 tu ya waliojiandikisha waliopiga kura, ilhali utafiti huwahesabu pia wenye maoni ambao siku ya kura hubaki nyumbani.