Koyote wa Mjini na Wajibu wa Mwenye Mbwa

Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa, anayekaribiana kwa umbo na bweha. Asili yake ni nyanda na majangwa ya Amerika Kaskazini, lakini leo yuko katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii, na anazaliana ndani ya miji mikubwa. Aprili 2007 mmoja aliingia duka la sandwichi katikati ya Chicago akajilaza ndani ya jokofu la vinywaji. Kila paka au mbwa mdogo anapouawa, wakazi hudai koyote waangamizwe. Uchungu wao ni wa haki. Dai lao, kwa maoni yangu, si sahihi.

Ushahidi mzito unatoka kaunti ya Cook, uliko mji wa Chicago. Tangu mwaka 2000, Stanley Gehrt wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake wamewavisha koyote kola za redio na kufuatilia nyendo zao. Walipochunguza sampuli zaidi ya 1,400 za kinyesi, walikuta panya na jamii zao katika asilimia 42, matunda 23, kulungu 22 na sungura 18 (sampuli moja huweza kuwa na vyakula kadhaa). Paka hawakufika asilimia 2. Hata hivyo, takwimu hizo zisimpe mtu usingizi, kwani huko Los Angeles mabaki ya paka yalionekana katika takriban asilimia 20 ya sampuli za mjini. Koyote hula kile anachokikuta mtaani.

Tena, si kila shambulio linatokana na njaa. Dume na jike hulinda himaya yao, hasa wakati wa kujamiiana, Januari hadi Machi, na wa kulea watoto wanaozaliwa kuanzia Aprili. Mbwa anayepita karibu na pango huhesabiwa mvamizi, hata awe mpole kiasi gani.

Kuua hakuondoi hatari hiyo. Himaya iliyobaki tupu huchukuliwa na koyote wazururaji wasio na makao. Makumi ya maelfu huuawa Marekani kila mwaka, na bado wameenea. Yuko, nakubali, koyote aliyelishwa na watu hadi akapoteza hofu; huyo huenda akalazimika kuondolewa. Lakini aliyemharibu ni mlishaji.

Kinga halisi iko nyumbani. Paka akae ndani. Mbwa mdogo asiachwe peke yake uani, hasa alfajiri, jioni na usiku, na anapotembezwa afungwe kamba fupi isiyozidi mita 2. Kamba inayorefuka na kujikunja yenyewe humwacha mbali na mwenyewe pale sekunde chache zinapohitajika. Uzio wa mita 1.8 husaidia ukiwa na bomba linalozunguka juu yake na wavu uliofukiwa chini. Ukikutana na koyote, mbebe mbwa wako, usikimbie. Simama wima, piga kelele, mtishe mpaka aondoke. Lakini karibu na pango lenye watoto wake, usimtishe; ondoka taratibu bila kumpa mgongo.

Yaliyobaki ni ya mamlaka za miji: zimwadhibu kwanza anayemlisha koyote na anayeacha taka wazi, kabla ya kumlipa mtegaji hata senti moja.