Goma: Mfupa wa Ishango na swali la wanafunzi wa hesabu

Mwanafunzi wa Goma anayechagua hesabu katika chuo kikuu huulizwa na jamaa zake swali lile lile: utafanya kazi gani, ualimu tu? Historia ya Kivu ya Kaskazini inalo jibu, nalo linaanzia Ishango.

Ishango iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin, mtaalamu wa jiolojia, alichimbua hapo mfupa wa sentimita 10 hivi, wenye kijiwe kikali kilichopachikwa kwenye ncha. Umechanjwa mikato 168 katika safu tatu. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Kila moja ya hizo mbili inafikia 60. Katika safu ya tatu 3 inafuatwa na 6, 4 inafuatwa na 8, na 10 inafuatwa na 5, kana kwamba mtu alikuwa akizidisha na kugawa kwa mbili.

De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi. Wengine wanasema mikato ilichanjwa ili kifaa kisiteleze mkononi. Kweli, 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Lakini je, aliyezichanja alilijua hilo, au ni bahati tu? Hapo ndipo mwanafunzi anajifunza kazi ya mwanahesabu: kuona mpangilio ni mwanzo, kuthibitisha ni jambo lingine. Hata umri wa mfupa ulibadilika. Kwanza ulidhaniwa kuwa mdogo zaidi. Vipimo vya baadaye vikauweka kwenye miaka 20,000 hivi.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayolinda watu wa jimbo hili leo. Volkano Nyiragongo iliingiza lava mjini Goma tarehe 17 Januari 2002, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye wakaaji wa mitaa 10 waliamriwa kuhama, kwa kuwa vipimo vilionyesha magma chini ya mji. Katika kituo cha uchunguzi wa volkano, mitetemo ya ardhi hufika kama namba, na lazima awepo mtu wa kuzisoma.

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa mashariki mwa nchi, wengi wao upande wa Beni na Butembo. Kila siku ilibidi kuhesabu waliokutana na wagonjwa, na kukadiria chanjo ielekezwe wapi. Hiyo ni kazi ya takwimu.

Anayetaka kuendelea hana haja ya kuvuka bahari. Taasisi ya hesabu ya AIMS ilifungua kituo Kigali mwaka 2016, na inafundisha masters.

Mfupa wenyewe unahifadhiwa Brussels. Namba zake, hata hivyo, zinaenea kwenye ubao mmoja wa darasa la Goma, na swali la aliyezichanja bado halijapata jibu.