Mshahara wa Mbwa wa Narung'ombe

Mpe mbwa karoti mbichi au kipande cha tango badala ya biskuti: ndio ushauri unaotembea siku hizi. Mtu wa Ruangwa akiusikia atacheka. Mbwa na karoti, wapi na wapi? Mimi naona tunacheka bure, maana mbwa wetu kala vya shambani tangu enzi na enzi.

Mwaka 2013, Erik Axelsson wa Uppsala, Sweden, na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Mbwa mwitu wa Ulaya na Asia huwa na nakala 2 za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Mbwa wa nyumbani wana kuanzia 4 hadi 30. Kwa maneno mengine, kuishi na wakulima kulimbadilisha mbwa hadi tumboni.

Kusini kwetu mkataba huo unaonekana waziwazi. Mbwa hufukuza ngedere na nguruwe pori kwenye mihogo na mahindi. Katika nyumba za Waislamu hulala nje, na mshahara wake ni ukoko wa ugali. Ndiyo maana ukitaka kujua hali ya chakula cha watu, tazama mbavu za mbwa wao.

Sasa ifikirie Narung'ombe ya tarehe 19 Julai 1917. Askari wa Keya, wenzao kutoka Gold Coast na Waafrika Kusini walipigana hapo na jeshi la Wajerumani. Jina la kijiji likaingia katika orodha ya heshima za vita za vikosi vya Waingereza. Lakini jeshi halili heshima. Vita ile ilibebwa na mamia ya maelfu ya wapagazi, wale walioiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo, na chakula kingi kilitoka kwenye maghala ya wanavijiji. Ghala likikombwa, chungu hakina ukoko. Na pasipo ukoko, mlinzi wa shamba hana mshahara. Orodha za heshima hazina safu ya hasara ya namna hiyo.

Kwa hiyo karoti siichukii. Karoti, tango na maharage machanga, vikikatwa vidogo visimkabe, ni kionjo kizuri, ilimradi visichukue nafasi ya mlo wenyewe. Ila kitunguu maji na kitunguu saumu kaa navyo mbali, vinaharibu damu ya mbwa. Na muhogo mchungu mbichi una sumu ya sianidi. Bibi zetu waliumenya, wakauloweka, wakauanika ukawa makopa, kwa sababu hiyohiyo. Elimu iliyomlinda mtoto inamfaa na mbwa.

Zawadi, hata ya kipande cha tango, hutoka kwenye ziada. Kijiji chenye cha kumtupia mbwa ni kijiji ambacho watoto wake wameshakula. Hiyo ndiyo amani ninayoielewa mimi.